Banda la Gemu na Mizigo ya Mlimani

Mabanda ya gemu yalipoanza kuota mitaa ya Moshi, wazee walisema vijana ndio basi tena: watakaa mpaka wasahau kukimbia. Mimi nilikuwa na banda langu Majengo, na wateja wangu wakubwa walikuwa wagumu, wale wanaobeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro.

Mwanzo zilikuja gemu za kanda, zikichomekwa kwenye luninga ya mwenye nacho, watoto wa jirani wakichungulia dirishani. Televisheni yenyewe huku Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, kwa hiyo nyumba zenye luninga zilikuwa za kuhesabu. Sony ikatoa PlayStation 2 mwaka 2000, na baadaye zilipoanza kuingia zilizokwishatumika, bei ikashuka hadi mtu wa kipato changu akathubutu.

Banda halikuwa na makuu. Bati, benchi la mbao, TV mbili za chogo, na kanga kuukuu dirishani ili jua lisiue picha. Kilichokuwa kinakufa kila mara ni pedi. Raba ya kile kijiti cha kumkimbiza mchezaji ilikuwa ikilika kwa vidole gumba, nami nikikata kipande cha tyubu ya baiskeli, nakivingirisha pale, siku zinasogea. Sheria ilikuwa moja: aliyefungwa analipa, halafu anampisha mwenzake.

Sheria hiyo, nadhani, ilitoka uwanjani ikaingia bandani. Mwaka 2006, na tena 2011, maji yalipopungua bwawa la Mtera na mgao wa umeme ukatubana, TV zilizimika na wale wale wa kwenye benchi wakahamia chandimu, soka la mtaani. Timu tatu, goli la mawe, anayefungwa anatoka. Hapo ndipo nilipoona kwamba miguu yao ilikuwa palepale.

Ukitaka kumjua mteja wangu, angalia kalenda ya mvua. Aprili na Mei masika yanapiga, njia za mlima ni tope, wageni wachache. Banda linajaa tangu asubuhi. Juni ikiingia, magari ya kampuni za utalii yanapita alfajiri kuwachukua, na benchi linabaki na wanafunzi watoro. Sheria ya hifadhi inasema mzigo wa kubeba usizidi kilo 20, na mgumu ana vitu vyake mwenyewe juu ya hapo. Anatoka lango la Marangu, analala Mandara, kesho yake yuko Horombo, mita 3,720 juu ya bahari.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima atembee kwa kasi walau dakika 150 kwa wiki. Mgumu anazimaliza siku ya kwanza, na mzigo kichwani. Karani aliyekuwa akipita mlangoni kwangu akitikisa kichwa alikuwa amekuja kwa bodaboda, kutoka mtaa wa pili.

Na kama vijana wameacha kutumia miguu, bodaboda ndiyo ningeishitaki kwanza, kabla ya gemu. Zamani mama wa Kibosho alishuka mjini na mkungu wa ndizi kwa miguu, vijana wakifuata nyuma na mikungu yao. Cha pili ni viwanja. Palipokuwa na chandimu, leo pana fremu za maduka. Tangu 2003 tuna Kilimanjaro Marathon, mji mzima unavaa raba siku moja ya mwaka. Siibezi, ila kijana anahitaji uwanja Jumanne jioni.

Mabanda sasa yamepungua, gemu imeingia kwenye simu. Agosti 2022 shirika la simu la TTCL likafikisha intaneti ya kasi Horombo, kwa ajili ya usalama na picha za wageni. Wagumu nao wameipokea: mizigo ikishatuliwa na chai ikinywewa, wawili wanajifunika blanketi moja na simu moja, na anayefungwa kesho atachota maji.