Njaa ya Mwaka 1974 Ilitufundisha Nini?

Leo tukumbushane habari ya mwaka 1974. Mvua zilikuwa haba tangu 1973, na wakati huohuo kaya nyingi zilikuwa zikihamia vijiji vipya, mashamba ya zamani yakabaki nyuma. Mahindi yakakosekana. Serikali ikalazimika kuagiza nafaka kutoka ng'ambo, tena bei ya dunia ikiwa juu. Fedha za kigeni zikapukutika.

Ndipo likatoka agizo la Kilimo cha Kufa na Kupona. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakajadiliana juu ya chakula chao. Hayo yalikuwa mafunzo ya kujikinga na janga.

Haya, sasa twende guliooni. Wakati wa mavuno kila mtu anauza, bei inaanguka. Ikifika miezi ya kupalilia, yuleyule aliyeuza gunia anarudi kununua kwa kibaba, bei imepanda. Basi piga hesabu kwanza: nyumbani mna midomo mingapi, na imebaki miezi mingapi hadi mavuno mengine? Chakula hicho kisiende gulioni. Panda pia mtama na mihogo, maana huvumilia ukame. Na mahindi yapukuchue, yakauke sawasawa. Dumuzi, aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyobaki na magunzi yake.

Swali kwa kikundi chenu: ghala la kijiji lina nini leo? Kwaherini.