Mchezo Ambao Haukushuka Stesheni ya Kilosa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtoto wa Kilosa aliyetamani kuingia pangoni bila kuondoka uani alikuwa na bibi yake, na alikuwa na redio. Bibi akisema "Kitendawili!", watoto waliitikia "Tega!" na vichwa vikaanza kazi. Radio Tanzania nayo ilimletea hadithi za Mama na Mwana. Miaka hiyohiyo, watoto wa rika lake huko Marekani na Uingereza waliingia mapangoni kwa kuandika kwenye kompyuta.

Mapango hayo yalitokana na pango la kweli. Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kuchora ramani za mapango, alilifahamu vizuri Mammoth Cave la jimbo la Kentucky. Baada ya ndoa yake kuvunjika, kati ya mwaka 1975 na 1976, aliandika programu ambayo binti zake wangeweza kuicheza. Haikuwa na picha hata moja. Mashine ilieleza mahali mchezaji aliposimama. Mchezaji akaandika aende upande gani au achukue taa, nayo ikamjibu kilichotokea. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua mchezo huo, nao ukaenea kwa jina la Adventure. Vijana wa chuo cha MIT wakafuata na mchezo wa Zork. Mwaka 1978 Scott Adams akaubana mchezo wake, Adventureland, ndani ya kompyuta ya nyumbani yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16.

Mwaka 1982 ilitoka kompyuta ya ZX Spectrum ya Uingereza, iliyosoma michezo kutoka kwenye kaseti na kutumia televisheni ya sebuleni kama kioo. Kaseti Kilosa zilikuwepo. Televisheni, hapana. Zanzibar ilianza kurusha matangazo yake mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kompyuta nazo zilizuiwa: Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini bila kibali. Treni za Reli ya Kati zilipakia mkonge Kilosa mwaka hadi mwaka, na kizazi kizima cha michezo ya maandishi kikazaliwa, kikakua na kuzeeka bila kushuka stesheni ile.

Na kama ingeshuka, ingegonga mwamba kwenye lugha. Ili kuokoa nafasi, mchezo wa Adams ulisoma herufi tatu tu za mwanzo za kila neno. Kwa Kiingereza zilitosha. Kwa Kiswahili, kitabu, kitanda na kitambaa vingekuwa kitu kimoja, na chukua isingetofautiana na chuma wala chunga. Tena taa ikishatajwa, mtu husema "ichukue", kisu, "kichukue", jembe, "lichukue". Mashine ingelazimika kujua ngeli. Na nani Kilosa anayeelekeza njia kwa kaskazini na kusini, kama michezo hiyo ilivyotaka? Mgeni huambiwa avuke reli, ashuke kuelekea mto Mkondoa.

Hata hivyo, mchezo wenyewe usingekuwa mgeni. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, na mtegaji ana haki ya kuukataa mji wa Mikumi akadai Morogoro au Dar es Salaam. Akiridhika, ndipo afichue jibu. Infocom, kampuni iliyoundwa mwaka 1979 na watu wa Zork, nayo ilidai mji wake kwa fedha. Iliuza vijitabu vya InvisiClues vyenye majibu ya wino usioonekana. Aliyekwama alipaka kalamu maalumu juu ya ukurasa, na dokezo likajitokeza, dogo kwanza, kisha kubwa zaidi.

Infocom ilifungwa mwaka 1989, michezo ya picha ikiwa imeteka soko. Lakini iliandika michezo yake kwa ufundi wa kuona mbali: programu moja ndogo ya kuifasiri ikipatikana kwa mashine mpya, michezo yake ya maandishi huchezeka. Hivyo simu ya kawaida inaiweza, hata mkononi mwa abiria wa basi. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mabasi hupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama. Faili ya Zork ya kwanza haifiki kilobaiti 100. Picha moja ya twiga ambayo abiria anaipiga dirishani pale huwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi.