Daktari Kama Dawa: Historia ya Mafunzo ya Uhusiano kwa Wahudumu wa Afya

Huduma ya uponyaji iliingia Afrika Mashariki ikiandamana na Injili, na katika vitabu vya kumbukumbu kama hiki huhesabiwa kwa majina ya hospitali, idadi ya vitanda na miaka ya kufunguliwa. Upande mwingine wa historia hiyo huandikwa kwa nadra: ni lini, na kwa njia gani, waganga na wauguzi walianza kufundishwa namna ya kuhusiana na mgonjwa aliye mbele yao, tena wakiwa wamekwisha kupata vyeti vyao na wamo kazini. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba jambo hilo halifundishiki. Aliyejaliwa moyo mwema alikuwa nao, na asiyejaliwa hakuwa nao. Makanisa nayo yaliridhika na dhana hiyo, yakiamini kuwa upendo wa Kikristo ungejaza pengo lililoachwa na vyuo vya utabibu.

Aliyeipinga dhana hiyo kwa vitendo ni Michael Balint. Alizaliwa Budapest, nchini Hungaria, mwaka 1896, naye alikuwa mtoto wa daktari wa kawaida wa mtaani. Alisomea udaktari, kisha akajifunza tiba ya nafsi chini ya Sándor Ferenczi. Mwaka 1939 alihamia Manchester, Uingereza, na mwaka huohuo mkewe Alice akafariki. Mwaka 1945 wazazi wake, waliobaki Hungaria, walijiua ili wasiangukie mikononi mwa Wanazi. Mtu aliyepitia misiba ya namna hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba maumivu ya mwanadamu hayaonekani yote katika kipimo cha damu.

Baada ya vita alihamia London, na huko alikutana na Enid, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake. Wakati wa vita mama huyu alikuwa amewasaidia watu wa London waliopoteza makazi kwa mabomu, na mwaka 1948 alishiriki kuanzisha Family Discussion Bureau, ofisi iliyowaandaa wafanyakazi wa ustawi wa jamii kuzisaidia ndoa zenye matatizo. Huko ndiko mbegu ilikopandwa. Ilionekana kwamba mihadhara juu ya ndoa haikumsaidia sana mfanyakazi anayerudi kesho yake kuketi na mume na mke wasiosemezana. Kilichomsaidia ni kuileta kazi yake mwenyewe mbele ya wenzake na kuizungumza. Ni haki kutaja hivyo, kwa maana jina la Balint limewafunika wengi, na la mkewe kwanza.

Mwaka 1948 pia Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa, na kila raia akawa na daktari bila kulipa ada. Vyumba vya kusubiria vilijaa, na miongoni mwa waliokuja walikuwapo wengi waliorudi wiki baada ya wiki na malalamiko ambayo vipimo havikuyaonea sababu. Mwaka 1950, katika Tavistock Clinic, Balint aliwaita madaktari wa mitaani waketi naye mara moja kwa juma. Kila mmoja alieleza habari za mgonjwa aliyemsumbua, bila kusoma faili. Wenzake hawakuuliza tu juu ya ugonjwa. Waliuliza daktari alijisikiaje, alisema nini, kwa nini alikasirika, au kwa nini alimpa mgonjwa huyu muda ambao hakumpa mwingine. Kitabu kilichotokana na kazi ya madaktari 14 kilichapishwa mwaka 1957.

Jambo la kwanza waliloligundua limekuwa mashuhuri. Dawa inayotolewa mara nyingi kuliko zote ni daktari mwenyewe, lakini hakuna kitabu cha famasia kinachoeleza kipimo chake wala madhara yake. Neno moja la kutuliza, likitolewa kabla mgonjwa hajamaliza kusema, laweza kuufunga mlango ambao alikuwa anaanza kuufungua. Tena waliona jinsi mgonjwa anavyopelekwa kwa bingwa huyu na yule, kila mmoja akishughulika na kiungo chake, hata asipatikane mtu hata mmoja anayewajibika kwa mtu mzima.

Lakini lililo zito zaidi kwa watu wa Kanisa ni neno ambalo Balint alilikopa kwetu. Alisema kila daktari ana utume: anaamini anajua jinsi mgonjwa anavyopaswa kuugua, kuvumilia na kutumaini, naye hufanya kazi ya kumwongoa, bila kujua, aingie katika imani hiyo. Asiyeongoka huitwa mkaidi. Mchungaji yeyote aliyewahi kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa na kuanza kuomba kabla hajasikiliza atautambua utume huo. Bwana Yesu mwenyewe, penye birika la Bethzatha, alitangulia kumwuliza yule aliyeugua miaka 38 kama anataka kuponywa.

Haikuwa kazi nyepesi. Wengine waliacha njiani, kwa sababu si rahisi kusikia tabia yako ikijadiliwa na watu wa taaluma moja nawe. Waliodumu walihitaji miaka, si semina ya siku mbili.

Upande wa Kanisa, njia iliyofanana na hiyo ilikuwa imeanza robo karne kabla. Anton Boisen, mchungaji Mmarekani, aliugua akili mwaka 1920 na kulazwa kwa miezi mingi. Alipopona hakuficha alikotoka. Mwaka 1924 akawa mchungaji wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, Massachusetts, na kiangazi cha mwaka 1925 alipokea wanafunzi wanne wa theolojia waliofanya kazi wodini mchana na kujifunza kutoka kwa wagonjwa. Daktari Richard Cabot wa Boston alimwunga mkono, ingawa baadaye waliachana kwa kutokubaliana juu ya chanzo cha magonjwa ya akili. Mwaka 1967 vyama vya mafunzo hayo nchini Marekani viliungana, nao Walutheri walikuwamo.

Mwaka 1964, Fungamano la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni viliitisha mkutano Tübingen, Ujerumani. Mkutano ulitamka kwamba uponyaji ni kazi ya usharika mzima, si ya hospitali peke yake. Tamko lilikuwa jema, ila halikusema sana ni nani atakayemfundisha muuguzi wa zahanati, mwenye foleni ndefu mlangoni, namna ya kusikiliza. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa Moshi mwaka 1971, mafunzo ya uchungaji kando ya vitanda vya wagonjwa yalikuja kupata nafasi humo, na wachungaji wakajifunza kuandika mazungumzo yao na wagonjwa neno kwa neno, kisha kuyasoma mbele ya wenzao. Vikundi vya Balint navyo vilienea Ulaya, na Ujerumani vimeingizwa katika masomo ya madaktari. Kinachohitajika ni viti vichache, kiongozi mwenye subira, na saa moja na nusu kwa juma; na katika hospitali nyingi za makanisa, hiyo saa moja na nusu ndiyo iliyo adimu kuliko dawa.