Simfoni Moja, Mashahidi Wengi

Muziki ulioandikwa ni mbegu iliyo ghalani. Una uhai, lakini uhai huo haujulikani mpaka upewe pumzi na vidole vya watu. Mtunzi akisha kufa huacha karatasi. Waliobaki huzisoma, na kila asomaye huzisoma kwa jicho lake. Kwa hiyo anayetaka kuijua simfoni kubwa hana budi kuwaita mashahidi wengi na kumsikiliza kila mmoja kwa zamu yake, kama wafanyavyo wazee wa baraza. Santuri ndizo mashahidi hao. Makala haya yanapima ushahidi wa santuri chache za Simfoni ya Saba ya Anton Bruckner, mtunzi wa Austria aliyezaliwa mwaka 1824 na kufariki mwaka 1896. Yanadai pia kwamba msikilizaji wa Mwika, katika miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, anacho kipimo chake mwenyewe cha kuamulia shauri hilo, wala hana haja ya kuazima cha mtu mwingine.

Yamkini msomaji atauliza: Mwika na Bruckner, wapi na wapi? Jibu limo katika historia. Simfoni hii ilipigwa mara ya kwanza katika mji wa Leipzig, tarehe 30 Desemba, 1884, chini ya uongozi wa Arthur Nikisch. Wakati huo mkutano wa Berlin, ulioanza tarehe 15 Novemba mwaka ule ule, ulikuwa haujamalizika. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yakipatana juu ya kanuni za kuitwaa Afrika, na Carl Peters alikuwa amekwisha kupita Usagara na nchi za jirani akikusanya mikataba. Haikupita miaka 10 kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika Kilimanjaro. Mwaka 1893 walianza Machame; mwaka 1894 wakawa Mamba, jirani ya Mwika. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walileta nyimbo za sauti nne na desturi ya kuzipiga kwa tarumbeta, na desturi hiyo imeota mizizi migombani kiasi kwamba hapana anayeiona ngeni tena.

Lakini kumbukumbu isiwe ya upande mmoja. Tarehe 2 Machi, 1900, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na serikali ya Wajerumani pamoja na wenziwe. Tarumbeta na kitanzi vilitoka katika nchi moja, katika kizazi kimoja. Mtu wa miteremko hii asikiapo muziki wa Ujerumani wa karne ile husikia vyote viwili, na ni haki yake. Jambo hili si la kando. Tutaona kwamba santuri mojawapo ya simfoni hii inalirudisha mbele yetu kwa namna nyingine.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Ina sehemu nne, nayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa moja. Huanza kwa fidla zitetemekazo chini chini, na juu ya mtetemo huo selo huinua wimbo mrefu wa kupanda, mrefu kupita pumzi ya mwimbaji yeyote. Sehemu ya pili, iitwayo Adagio, ni maombolezo. Bruckner alikuwa akiitunga Richard Wagner alipofariki, tarehe 13 Februari, 1883, na mwisho wake ni sauti za tuba nne za namna aliyoibuni Wagner, zikilia pamoja na mabaragumu. Sehemu ya tatu ni mchezo mkali unaoongozwa na tarumbeta. Katika ya nne umo wimbo wa pili ulio kama wimbo wa kanisani, unaotembea polepole juu ya nyuzi za chini zinazodonolewa kwa vidole. Aliyekulia karibu na kundi la tarumbeta atautambua mara moja mwendo huo.

Hapa ndipo kipimo chetu kinapopatikana. Wimbo mmoja wa kanisa hupigwa kwa namna moja wakati wa Pasaka na kwa namna nyingine nyuma ya jeneza linalopandishwa mlima. Noti ni zile zile. Pumzi si ile ile. Mpigaji apandaye kilima hukata mstari mapema, na akiwa hodari huukata mahali ambapo maneno yenyewe yanaruhusu kupumua. Asiye hodari hukata popote, na wimbo huvunjika vipande. Basi swali la kwanza la kuiuliza kila santuri ni hili: je, mstari umekatwa mahali pa haki? Swali la pili latoka katika mlima wenyewe. Apandaye Kibo huvuka matuta mengi. Akitumia nguvu zake zote katika tuta la kwanza, hafiki. Adagio ya Bruckner ina matuta mengi na kilele kimoja. Kiongozi afanyaye kila tuta kilele huwa amekidhulumu kilele.

Shahidi wa kwanza ni Oskar Fried, aliyeirekodi simfoni nzima mjini Berlin mwaka 1924. Maikrofoni ilikuwa haijaanza kutumika katika kazi hiyo. Wapigaji walikusanyika mbele ya pembe kubwa iliyozikamata sauti, na sauti nzito za chini zilipotea njiani. Isitoshe, upande mmoja wa santuri za siku zile ulibeba dakika kama 4 tu. Chombo chenyewe kiliukata mstari, apende asipende kiongozi. Hivyo Fried asihukumiwe kwa yale ambayo pembe haikuweza kuyasikia; asifiwe kwa kuthubutu. Mwaka 1928 Jascha Horenstein aliirekodi kwa umeme pamoja na okestra ya Filharmoniki ya Berlin, na hapo shaba zikaanza kusikika kama shaba.

Shahidi mzito kuliko wote ni Wilhelm Furtwängler. Mwaka 1942, katikati ya vita, aliirekodi Adagio peke yake. Ni upigaji wa huzuni kuu, wenye mwendo unaojikunja na kujikunjua kama kifua cha mtu aliaye. Usiku wa tarehe 1 Mei, 1945, redio ya Ujerumani ilipiga Adagio hii ilipotangaza kifo cha Hitler. Na wengi wameandika kwamba santuri iliyopigwa ni hiyo ya Furtwängler. Maombolezo yaliyotungwa kwa ajili ya mtunzi wa opera yalivalishwa jeneza la mtawala dhalimu. Je, noti zina hatia? Hazina. Lakini msikilizaji hana uwezo wa kusahau, na hakimu ajifanyaye amesahau ni hakimu mbaya. Sisi tuliozoea kusikia tarumbeta na kumkumbuka Meli kwa mara moja twajua namna ya kubeba mambo mawili bila ya kulitupa hata moja.

Furtwängler aliacha ushahidi mwingine, ulio karibu nasi zaidi. Tarehe 23 Aprili, 1951, aliiongoza simfoni nzima mjini Cairo, pamoja na okestra ile ile ya Berlin, mbele ya wasikilizaji. Na upigaji huo ukahifadhiwa. Ni rekodi iliyozaliwa katika ardhi ya Afrika. Haina usafi wa chumba cha kurekodia. Lakini pumzi yake ni pumzi ya watu walio mahali pamoja kwa saa moja, wasioweza kurudia neno lililokwisha kutoka. Mwendo unabadilika sana, pengine kupita kiasi. Hata hivyo kila badiliko lina sababu isikikayo.

Mbele ya hao wasimame wazee watatu. Herbert von Karajan aliirekodi Vienna mwezi Aprili, 1989, na mwezi Julai akafariki. Humo amelegeza mkono uliokuwa mkali, na simfoni inajiendea kama mto uliofika tambarare. Sergiu Celibidache alikataa kwa miaka mingi kuuza santuri, akisema muziki hauwezi kufungwa ndani ya kitu. Upigaji wake wa Munich wa mwaka 1994, unaochukua dakika zipatazo 80, ulitolewa baada ya kufa kwake. Ni wa ajabu, lakini kwa kipimo chetu umepita pumzi ya binadamu: mstari umevutwa hata sikio halikumbuki tena ulikoanzia. Wa tatu ni Günter Wand, aliyeirekodi Berlin mwaka 1999. Yeye hana haraka wala hakawii, na kilele chake ni kimoja.

Katika kilele hicho limo shauri la matoazi. Katika mwandiko wa Bruckner, sehemu za matoazi, kengele ya pembetatu na ngoma zimeongezwa katika kipande cha karatasi kilichobandikwa, na juu yake yapo maneno ya kuyafuta, ambayo wataalamu hawajapatana yameandikwa na nani. Robert Haas aliyaondoa katika toleo lake la mwaka 1944. Leopold Nowak akayarudisha mwaka 1954. Furtwängler anayo, Wand hana. Mimi naona kwamba kilele kilichopandwa kwa haki hakihitaji kugongewa matoazi ili kijulikane, na kwamba kilichopandwa vibaya hakiokolewi nayo.

Hukumu basi ni hii. Atakaye kuijua simfoni ilivyojengwa, amsikilize Wand. Atakaye kujua iligharimu nini kuipiga katika karne iliyojaa makaburi, asikilize Cairo. Nikilazimishwa kuchagua moja, nachagua Cairo, kwa sababu humo pumzi yasikika ikipungua na kurudi. Lakini baraza halifungwi. Leo santuri hizi zote zaweza kusikika kwa simu ya mkononi chini ya mgomba, na kijana wa Mwika apigaye tarumbeta Jumapili ana haki ya kusema neno lake juu ya Berlin na Vienna. Leipzig ilitufundisha kuzipuliza nyimbo zake bila ya kutuuliza rai yetu. Rai hiyo tunayo, na sasa ni zamu yake kusikika.