Kisu Kisichozunguka

Nyasi ni kitu ambacho sisi watu wa Kyela hatuna haja ya kukitafuta. Bonde letu liko chini, kati ya milima ya Rungwe na Ziwa Nyasa, na masika yakishakolea, uwanja ulioachwa wiki mbili hugeuka kichaka. Kwa hiyo habari ya namna tulivyokata nyasi si jambo dogo kama mtu anavyoweza kudhani. Ndani yake mna habari ya nani alifanya kazi, nani aliketi kivulini, na ujuzi ulibaki mikononi mwa nani.

Mwaka 1879 Mskochi Joseph Thomson alifika kaskazini mwa ziwa, akastaajabia usafi wa vijiji vya Wanyakyusa: migomba, nyumba nadhifu za mviringo, na viwanja tambarare visivyo na takataka. Wazee wetu hawakuwa na mashine. Walikuwa na ufagio, na walikuwa na ng'ombe, ambao vijana wachungaji waliwalisha karibu na makazi, nao ukoka ukabaki mfupi.

Wakati huo mashine ya kukatia nyasi ilikuwa imeishi Uingereza karibu nusu karne. Aliyeibuni ni Edwin Budding, fundi wa Stroud, mji uliojulikana kwa viwanda vya nguo za sufu. Katika viwanda hivyo kulikuwa na mashine yenye visu vya kuzunguka, iliyonyoa vinyweleo juu ya kitambaa ili kiwe laini. Budding akawaza kwamba kinachonyoa kitambaa chaweza kunyoa ardhi. Alipata hati ya ubunifu wake mwaka 1830, na mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikapata kibali cha kuziunda. Katika maelezo yake alisema kwamba mabwana wenye mashamba wangefurahia kuisukuma wenyewe, kwa burudani na kwa afya ya mwili.

Huku kwetu, chini ya Waingereza, burudani hiyo aliachiwa mtunza bustani. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Katika miaka ya 1950 alisukuma mashine hiyo kwenye shamba moja la chai kule Rungwe, na kwa kuwa hakukuwa na fundi karibu, alijifunza kuitengeneza. Yeye ndiye aliyenieleza inavyofanya kazi.

"Mpwa wangu," alikuwa akisema, "kisu kimoja hakikati."

Alikuwa na maana hii. Mashine ina visu vitano au sita vilivyopinda kama kamba inayosokotwa, vikizunguka mhimili mmoja. Magurudumu yakivingirika, giya zilizo ndani yake huvizungusha visu hivyo kwa kasi kuliko magurudumu yenyewe. Lakini chini yake kuna kisu kingine, kimenyooka, kisichozunguka kamwe. Visu vya juu huyakusanya majani na kuyaleta kwenye kisu hicho, na hapo jani hukatwa kati ya makali mawili, kama kitambaa katika mkasi. Kwa kuwa visu vya juu vimepinda, hukutana na cha chini kidogo kidogo, kutoka upande mmoja hadi mwingine, ndiyo maana mtu mmoja aweza kuisukuma. Fyekeo hulipiga jani likiwa peke yake, nalo hupasuka. Baada ya siku chache ncha yake hugeuka kahawia.

Mwaka 1978 shule moja ya mwambao ilikuwa na mashine ya namna hiyo, imetupwa stoo kwa sababu "haikati". Mjomba, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, aliomba spana, bisibisi, na kipande cha gazeti. Alisugua kutu, akatia mafuta kwenye mhimili, kisha akaingiza gazeti kati ya visu na kuvizungusha kwa mkono. Lilikatika pembeni, katikati likakunjika tu. Akapaka kwenye makali ule mchanganyiko mzito wa unga wa msasa na mafuta ambao mafundi wa magari husagia valvu, akavizungusha visu kinyumenyume kwa muda mrefu, mpaka makali yakalingana. Akafuta yote, akakaza skurubu za pande mbili kidogo kidogo. Ukikaza mno, alisema, visu hulana na mashine huwa nzito. Ukilegeza, jani hulala katikati na kupita salama. Jioni gazeti lilikatika kotekote.

Alitoa na masharti. Wanafunzi waokote mawe kwanza, maana jiwe moja huacha pengo kwenye kisu. Wasikate nyasi mbichi kwa umande. Na wakati wa masika wakate kila baada ya siku nne au tano, kwa sababu nyasi ndefu huinamishwa na mashine badala ya kukatwa. Zikishazidi, kazi inarudi kwa fyekeo. Kwa miaka kadhaa masharti hayo yalifuatwa, na uwanja ule wa mpira ukawa sifa ya kijiji.

Mjomba alifariki mwaka 1986. Masika moja yakapita bila mtu kukata, nyasi zikafika magotini, na mashine iliposukumwa humo haikukata kitu. Ikasemwa kuwa imekufa. Ikawekwa chini ya paa linalovuja, na baadaye ikauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Niliiona siku inapakiwa. Kutu iliyokuwa kwenye visu haikuzidi ile aliyoiondoa mjomba.

Siwalaumu walioiuza. Katika daftari la mali ya shule mashine ilikuwa na mstari wake. Mtu aliyejua kuirekebisha hakuwa na mstari wowote, wala hapakuandikwa nani ajifunze baada yake. Vivyo hivyo historia imetunza jina la Budding na mwaka wake, ila haikuwaandika watunza bustani waliozifanya mashine hizo ziendelee kukata, huku mbali na Stroud. Basi, msomaji, kama kuna mashine ya namna hii katika stoo ya shule au ya kanisa lenu, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma, ingiza kwanza kipande cha gazeti kati ya visu vyake. Na ukifanikiwa kuiamsha, mwite kijana mmoja asimame karibu aone.