Virusi Vinavyokaa Kimya: Kutoka Mulago Hadi Ndani ya Seli

Virusi vya Epstein-Barr vimo mwilini mwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani. Huambukizwa kwa mate, aghalabu utotoni, na vikishaingia havitoki tena maisha yote. Wengi wanaovibeba hawajui kuwa wanavyo. Safari ya kuvigundua ilianzia Uganda mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, kwa sababu ya ugonjwa ambao hakuna aliyeudhania kuwa na uhusiano na virusi.

Mwaka huo daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye alikwenda Jinja, akamkuta huko mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Uvimbe wa upande mmoja ungeweza kuelezwa kwa usaha wa jino au ugonjwa wa mfupa. Uvimbe wa pande nne kwa mpigo, kwa watoto wawili wa miji miwili, haukuelezeka hivyo. Alipekua majalada ya hospitali na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza kuhusu saratani hiyo ya watoto, ambayo baadaye iliitwa kwa jina lake.

Kisha akataka kujua mipaka yake. Alituma picha za wagonjwa kwenye hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama ugonjwa huo unaonekana huko. Oktoba 1961 yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu wakashuka hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali, safari ya karibu kilomita 16,000. Ramani iliyopatikana ilishangaza. Ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye mabonde yenye joto na mvua, na ulitoweka nyanda za juu zenye baridi, mahali pale pale ambapo malaria hupungua. Burkitt alihisi kuna virusi vinavyoenezwa na mbu. Virusi kweli vilikuwapo. Mbu alihusika kwa njia nyingine kabisa.

Miezi michache kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti aliyeshughulikia virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Uganda. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alivichunguza kwa darubini ya elektroni asione kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu isitue London, ikaelekezwa Manchester. Kilipofika maabara maji yake yalikuwa yametibuka, ikadhaniwa kimeoza. Kumbe ni seli hai za uvimbe zilizojiachia na kuelea. Zikaoteshwa, na Februari 1964 virusi vikaonekana ndani ya baadhi yake. Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza matokeo hayo mwezi uliofuata.

Kisa cha ukungu kimesimuliwa mara nyingi, pengine kupita kiasi. Linalostahili kuulizwa zaidi ni kwa nini ile miaka miwili haikuzaa kitu. Ndani ya mwili wa mtoto, seli za uvimbe huwa haziundi virusi vipya. Darubini ilikuwa ikitafuta kitu ambacho hakikuwapo. Seli zilipotolewa mwilini na kulelewa kwenye chupa, chache kati yake zikaanza kuviunda. Mwaka 1970 Harald zur Hausen wa Ujerumani alithibitisha kwamba vinasaba vya virusi vimo ndani ya seli za uvimbe hata pale ambapo hakuna kirusi kinachoonekana. Vimejikunja kama pete ndani ya kiini cha seli, kandokando ya kromosomu za mwenyeji wao.

Faida ya kukaa hivyo ilieleweka baada ya kufahamika namna mwili unavyokagua seli zake. Mwaka 1974, mjini Canberra, Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walionyesha kwamba seli za kinga ziitwazo seli T hazivitambui virusi peke yake. Huvitambua vikiwa vimeambatana na molekuli za seli yenyewe, zile ambazo kwa binadamu huitwa HLA. Utafiti wa miaka iliyofuata ulijaza mengine. Ndani ya kila seli, protini hukatwakatwa na mtambo mdogo uitwao proteasomu. Vipande hupitishwa kwenye mlango uitwao TAP, hupachikwa kwenye HLA na kupelekwa juu ya ngozi ya seli. Seli hufanya kama mwenye duka anayetundika nje sampuli ya kila bidhaa iliyomo ndani, na seli T ni mkaguzi anayepita barazani. Akiona kipande kigeni, seli nzima huuawa.

Dhidi ya ukaguzi huo, ukimya ni kinga kubwa. Katika miaka ya 1990 kundi la David Thorley-Lawson mjini Boston lilionyesha kwamba kwa mtu mwenye afya virusi hivi hujihifadhi ndani ya seli za kinga ziitwazo seli B za kumbukumbu, chache mno kati ya kila milioni moja, bila kuunda protini yoyote. Pasipo protini hapana kipande cha kutundika.

Lakini seli hizo hugawanyika mara kwa mara, na pete ya vinasaba isiposhikizwa kwenye kromosomu hupotea. Kazi ya kuishikiza hufanywa na protini iitwayo EBNA1, ambayo virusi haviwezi kuikosa. Kwa hiyo ilitazamiwa kwamba hapo ndipo vitakamatwa, na ajabu ni kwamba seli T nyingi zilipita bila kuiona. Mwaka 1995 Jelena Levitskaya, Maria Masucci na wenzao mjini Stockholm walieleza sababu. Katikati ya EBNA1 kuna mfululizo mrefu wa asidi amino mbili tu, glisini na alanini, zikirudiwarudiwa. Mfululizo huo ulipopandikizwa kwenye protini nyingine, nayo ikajificha. Mwanzoni iliaminika kwamba unaizuia proteasomu. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2003 yaliongeza jambo jingine: mfululizo huo hupunguza kasi ya kuundwa kwa EBNA1 yenyewe. Vipande vingi vinavyotundikwa hutoka kwenye protini changa zilizoharibika wakati wa kuundwa. Inayoundwa polepole na kudumu muda mrefu huacha mabaki machache. Seli za uvimbe wa Burkitt kwa kawaida hutoa EBNA1 bila protini nyingine kubwa za virusi, na HLA zake huwa pungufu.

Ukimya huvunjwa virusi vinapotaka kuhamia kwa mtu mwingine, maana lazima viunde protini kwa makumi. Hapo huuvuruga ukaguzi wenyewe. Protini BNLF2a, iliyoelezwa mwaka 2007, huziba mlango wa TAP. BGLF5 huharibu maagizo ya seli ya kuunda protini zake, zikiwamo HLA. BILF1 huondoa HLA ambazo tayari zimefika juu. Virusi vingine vya jamii hiyo hiyo navyo vina mbinu zake, kwa mfano protini US2 na US11 za virusi vya sitomegalo, ambazo huitoa HLA mpya na kuipeleka ikateketezwe. Hata hivyo seli isiyo na HLA huamsha seli za kinga za aina nyingine, seli NK, zinazoua kile kisichoonyesha chochote. Kwa hiyo kukwepa huku hununua muda tu, nao muda huo huvitosha virusi kuzaliana.

Swali la malaria lilibaki. Kaskazini mwa Mara, Tanzania, watoto walipewa klorokwini kati ya 1977 na 1982 ili kuona kama saratani itapungua. Ilipungua, ila ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa, na jaribio halikumaliza ubishi. Jibu zuri zaidi lilitoka Kenya miaka ya 2000, pale watoto wa Kisumu, penye malaria mwaka mzima, walipolinganishwa na wa nyanda za Nandi. Watoto wa Kisumu walikuwa na virusi vya Epstein-Barr vingi zaidi katika damu, na seli T zao ziliviitikia kwa unyonge. Mwaka 2009 ikaripotiwa kwamba watoto wenye uvimbe wa Burkitt walikuwa na upungufu hasa wa seli T zinazoitikia EBNA1. Yaani protini hiyo haijifichi kabisa. Kwa mtoto mwenye afya zipo seli T zinazoitambua, na ni hizo ambazo kwa watoto hao wagonjwa zilionekana kupungua.