Kutoka Kombe la Lamu hadi Faili la Mathari

Kwa muda mrefu, mtu wa Lamu, Siyu au Faza aliyevurugikiwa akili alipelekwa kwanza kwa mwalimu. Mwalimu aliuliza jina lake na la mamake, akapiga falaki, kisha akasikiliza: ndoto mbaya, usingizi uliokimbia, ugomvi wa nyumbani usiosemeka barazani. Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi, na mgonjwa akayanywa. Kombe likaishia mwilini mwake. Kitabu cha mwalimu kilihifadhi dua na dawa, si habari za wagonjwa. Siri haikuwa kamili, maana katika ngoma ya pepo mambo mazito yalitajwa mbele ya watu. Hata hivyo, hapakuwa na karatasi ambayo mgeni angeisoma miaka 20 baadaye.

Karatasi ililetwa na serikali ya Waingereza. Walianza kwa kutumia sheria ya India ya 1858, ambayo kwayo hakimu, akishika cheti cha daktari, aliamuru mtu azuiliwe. Mwaka 1910 hospitali ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa Nairobi, mahali palipokuwa pametengewa wagonjwa wa ndui. Hospitali ile ilipewa jina la Mathari mwaka 1924. Kwa mtu wa visiwani, kupelekwa huko kulimaanisha bahari hadi Mombasa, kisha gari la moshi hadi bara, na mwisho faili lililoandikwa kwa Kiingereza juu yake, asipate kulisoma.

Waliolisoma walikuwa wengine. Daktari J. C. Carothers alikabidhiwa Mathari mwaka 1938, bila kwanza kusomea udaktari wa akili, akakaa hadi 1950. Kutokana na wagonjwa waliopita mikononi mwake aliandika utafiti uliochapishwa mwaka 1947, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alifika hadi kumlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilimwita aeleze saikolojia ya Mau Mau, naye akaeleza uasi wa watu walionyang'anywa ardhi kana kwamba ni ugonjwa. Maneno ya watu walioteseka yalitumika kuwadhalilisha ndugu zao, na hakuna aliyewaomba ruhusa. Kwangu mimi hilo ni dhuluma, hata kama wakati ule liliitwa sayansi.

Uhuru haukubadili desturi ya faili kwa haraka. Hospitali ziliongezeka, na watu wa Pwani wakapata kitengo cha akili Port Reitz, Mombasa, lakini rekodi ilihesabiwa kuwa mali ya hospitali. Kwingineko mahakama zilianza kuamua vingine. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Canada, katika kesi ya McInerney na MacDonald, ilisema karatasi ni za daktari, ila mgonjwa ana haki ya kuona yaliyomo na kupewa nakala. Marekani iliacha mwanya: maandishi binafsi ya mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, yakitengwa na faili, mgonjwa hana haki ya kuyadai.

Kenya ilifikia haki ya mgonjwa kuona faili lake kwa njia ya Katiba ya 2010, inayolinda faragha na haki ya kupata habari. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iliweka habari za afya katika kundi la data nyeti, ikampa mhusika haki ya kuziona na kusahihisha makosa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, ikataja usiri wa mgonjwa miongoni mwa haki zake.

Kwa Lamu jambo hili si la vitabuni. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yaliua zaidi ya watu 60 na kuacha wajane, mayatima na walioshuhudia mauaji. Anayemweleza mshauri nasaha aliyoyaona usiku ule anamkabidhi jambo zito, na katika miji midogo kama yetu karani wa hospitali huenda akawa shemeji wa jirani. Tena, hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Mstari mmoja katika faili uliweza kumpeleka mgonjwa kizimbani. Haishangazi kwamba wengi walinyamaza.

Sasa msomaji uliyewahi kutibiwa, usiogope kuomba nakala ya faili lako. Andika barua, taja jina lako na tarehe za matibabu, uipeleke hospitalini. Kanuni za 2021 za Sheria ya Kulinda Data zinataka ujibiwe ndani ya siku 7, bila malipo. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data.